Mwalimu, Huyu Alikuwepo Kweli?

Kabati la vitabu la shule ya msingi niliyofundisha, Iringa Vijijini, lilikuwa na rafu mbili zilizotumika. Ya juu ilikuwa ya vitabu vya kiada, majalada yamepauka, muhuri wa shule umegongwa mpaka katikati ya kitabu ili asitokee mtu wa kukiuza. Ya chini ilikuwa ya vitabu vya ziada, na kwa muda mrefu haikuwa na kitu zaidi ya hadithi za sungura na fisi zilizokwisha kurasa za mwanzo, pamoja na marundo ya magazeti ya zamani. Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo vitabu vya shule ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kutoka mikononi mwa serikali peke yake na kuingia kwa wachapishaji binafsi. Mwaka 1991 Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, na mwaka huohuo ukazaliwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliowasaidia wachapishaji kutoa hadithi za Kiswahili kwa kununua sehemu ya nakala zao na kuzigawa mashuleni. Kidogo kidogo rafu ya chini ikaanza kujaa.

Nilikuwa nafundisha Historia na Kiswahili madarasa ya juu, la tano mpaka la saba. Kwa hiyo rafu zote mbili zilikuwa zangu. Walimu wenzangu waliona ni jambo la kawaida tu: asubuhi Historia, mchana hadithi, kila kitu na kipindi chake. Mimi nilianza kuona kwamba watoto hawakuwa wakizisoma rafu hizo kwa namna moja, na tofauti hiyo imenishughulisha mpaka leo nikiwa nimestaafu.

Kitabu cha kiada kilimpa Mkwawa, mtemi wa Uhehe, nafasi finyu. Kilikuwa na sura ya upinzani dhidi ya uvamizi wa Wajerumani, na ndani yake Abushiri wa Pangani, Bwana Heri, Isike wa Unyanyembe, Meli wa Wachaga, Mkwawa na vita vya Maji Maji walifuatana harakaharaka, kila mmoja na sababu zake za kupigana na sababu zake za kushindwa. Sababu za kushindwa zilikuwa karibu zilezile kwa wote: silaha duni, ukosefu wa umoja. Watoto walizikariri kama wimbo. Mtihani wa darasa la saba ulitaka jina, mwaka na mahali, nao jina, mwaka na mahali waliyajua. Lakini tulikuwa Iringa! Barabara ya kwenda Morogoro inapita Lugalo, penye mnara ambao Wajerumani waliwajengea watu wao waliouawa pale. Kalenga, makao ya Mkwawa, haiko mbali na mji. Timu ya mpira tuliyoishangilia iliitwa Lipuli, jina la ngome ya Mkwawa. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtemi yule, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge, na sauti yake watoto waliisikia redioni. Pamoja na yote hayo, wakifungua kitabu, Mkwawa alikuwa mtu wa mbali kama Napoleon.

Kisha ikatufikia Ngome ya Mianzi ya Mugyabuso Mulokozi. Mulokozi alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa amekwisha andika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, iliyotoka 1979. Baadaye alirudi kwenye vita vilevile kwa ajili ya vijana, akatoa Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Ninaamini mtu aliyekwisha kuchimba habari kwa utafiti ndiye anayestahili zaidi kuwatungia watoto, kwa sababu anajua ni wapi habari zake zinakoma na kutunga kunaanza. Nakala yetu ilikuwa moja. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, wakati ambao kwa kawaida hata mwalimu mkali hapati utulivu.

Utulivu niliupata. Tena si utulivu wa woga. Watoto waliokuwa wakikaa dawati la nyuma walisogea mbele wakajibana wanne wanne. Kengele ilipolia walilalamika. Halafu yakaanza maswali, na maswali yenyewe ndiyo yaliyonishtua. Hakuna mtoto aliyewahi kunifuata ofisini kuuliza sababu ya tatu ya kushindwa kwa Mkwawa. Sasa walinifuata kuuliza watu walikula nini ndani ya ngome wakati wa mapigano. Wanawake walikuwa wapi? Ng'ombe walifichwa wapi? Mtoto wa umri wao alikuwa na kazi gani siku ya vita? Kitabu cha kiada hakikuwa na mtoto hata mmoja ndani yake. Nilikuwa nimekifundisha miaka kadhaa bila kuliona hilo kwa macho ya darasa.

Siku moja msichana mmoja wa darasa la sita, mpole, asiyependa kunyoosha mkono, alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, huyu alikuwepo kweli?"

Alikuwa akimuulizia mmoja wa wahusika. Nikamwambia Mkwawa alikuwepo, vita vilikuwepo, ngome ilikuwepo na mabaki yake yapo, lakini huyo unayemuulizia ametungwa na mwandishi. Akafikiri. Kisha akaniuliza, "Na yale ya kwenye kitabu cha Historia, nani aliyaona?"

Swali hilo la pili lilibadilisha ufundishaji wangu. Nilitazamia kwamba hadithi ingewafundisha watoto kumpenda Mkwawa. Sikutazamia kwamba ingewafundisha kukihoji kitabu cha kiada. Hadithi ilikuwa imekiri kwamba imetungwa, na kwa kukiri huko mtoto alipata haki ya kuugeukia ule ukurasa wa kiada uliosema kila kitu kwa sauti ya uhakika na kuuliza: wewe ulijuaje?

Nikirudi nyuma naona kwamba watoto wale hawakuwa wageni wa tofauti hiyo. Majumbani mwao walikuwa wamelelewa nayo. Bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakajibu "Pakawa!", kila aliyekaa pale motoni anajua kinachofuata ni ngano, fisi atasema na sungura ataoa, na hakuna atakayedai ushahidi. Lakini bibi huyohuyo akitaka kueleza jinsi ukoo ulivyohamia kijijini, haanzi na paukwa. Anaanza na watu: haya niliyasikia kwa baba, naye baba aliambiwa na shangazi yake aliyekuwa amebebwa mgongoni siku hiyo. Anataja mlolongo. Na akifika mahali asipopajua, husema hapo sikuambiwa. Wazee wetu walikuwa na adabu mbili za kusimulia, na waliziheshimu zote mbili. Vitabu vyetu vya watoto vilikuwa vimezipoteza zote: vya hadithi havikusema ni wapi vimetunga, na vya historia havikutaja nani aliambiwa na nani.

Basi nikaanza kutafuta habari zaidi ya zile za nusu ukurasa. Padri mmoja mzee alikuwa na vitabu vyake, rafiki aliyekuwa akisoma Dar es Salaam alininakilia makala, na wazee wa Kalenga walinipokea vizuri kila nilipokwenda, "Kamwene" kwanza, kiti, halafu maneno. Nilichokikuta Lugalo kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokuwa nikifundisha. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulikuwa ukipita vichakani bila tahadhari ya kutosha. Mizinga ilikuwa mizigoni. Wahehe walikuwa wamelala majanini pembeni mwa njia, na waliposimama na mikuki yao, hapakuwa na muda wa kupanga safu. Zelewski aliuawa, na inasimuliwa kwamba alikuwa juu ya punda. Wazungu kumi walikufa.

Hapo ndipo kitabu cha kiada kilipokomea: Wajerumani walishindwa. Lakini pamoja na Wazungu kumi, walikufa askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Wengi wa askari wale walikuwa Wasudani walioajiriwa kupitia Misri, na watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu. Wapagazi walikuwa Waafrika waliobeba masanduku ya watu wengine kwa ujira. Nilipoandika hesabu hiyo ubaoni, darasa lililokuwa limeshangilia Ijumaa iliyopita lilikaa kimya. Mvulana mmoja akauliza kama wapagazi nao walikuwa maadui. Sikumjibu, nililiachia darasa, wakabishana mpaka kipindi kikaisha. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikumbuki swali la historia lililowahi kubishaniwa kwa uchungu kama lile, na halikutoka kwenye riwaya. Lilitoka kwenye takwimu kavu. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema mtoto hawezi kupenda habari za kweli mpaka apakwe asali ya hadithi. Mtoto huzipenda habari za kweli zikiwa kamili. Asichokipenda ni muhtasari.

Tulikwenda Kalenga na darasa la sita na la saba, kwa lori la mtu aliyekuwa akipeleka mahindi mjini. Makumbusho yenyewe ni jengo dogo. Ndani mna mikuki, ngao, bunduki za zamani, na katikati, ndani ya kisanduku cha kioo, fuvu. Watoto walisukumana mlangoni, lakini walipolifikia walirudi nyuma nusu hatua. Mzee aliyetupokea alisimulia polepole. Ngome ilibomolewa kwa mizinga Oktoba 1894, ikaangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 30. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi ili asishikwe. Wajerumani walikata kichwa chake na kukipeleka Ujerumani.

Watoto walidhani habari imeishia hapo. Kumbe kilichofuata ndicho kilichowashika zaidi, nami ningependa kila mwandishi wa vitabu vya watoto angekuwepo ayaone macho yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ilitakiwa kukabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Fikiria: mkataba uliogawa upya mipaka ya dunia, na ndani yake kichwa cha mtemi wa Uhehe! Ujerumani ikasema halionekani. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akalifuatilia mpaka kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Walipunguza kwa kuangalia yaliyotoka Afrika Mashariki, kisha wakalinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu zake walio hai, na moja likaonekana kulingana, tena likiwa na tundu la risasi. Ndilo lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 na kukabidhiwa Adam Sapi.

"Kwa hiyo hawana uhakika?" aliuliza mvulana aliyekuwa mbele yangu.

Mzee hakukasirika. Alisema wapo Wahehe wanaoamini ni lenyewe na wapo wenye shaka. Akaongeza kwamba liwe lake au lisiwe lake, lilichukuliwa kwa mtu wetu na likapaswa kurudi.

Njiani kurudi, juu ya lori, hawakuzungumzia mapigano. Walizungumzia yale mafuvu 2,000. Ni ya nani? Mbona hayakurudi? Msichana yule mpole alikuwa akipiga hesabu kwa sauti, akisema likitolewa moja yanabaki 1,999. Hakuna mtunzi aliyeliandaa jambo lile ili limguse mtoto. Lilikuwa limekaa kwenye kumbukumbu za ofisi na makumbusho, likisubiri mtu awaambie watoto namna wakubwa walivyotafuta, walivyopima, na mahali waliposhindwa kuwa na hakika. Kitabu cha kiada kilikuwa kimesema tu kwamba fuvu lilirudishwa 1954.

Haikuchukua muda mkaguzi wa shule akafika. Alikuta kwenye andalio langu la somo la Historia nimetaja hadithi kati ya zana za kufundishia. Alikuwa mtu makini, na aliniambia kwa heshima, "Mwalimu, hawa watoto watakuja kujibu hadithi kwenye mtihani." Hoja yake ilikuwa na uzito. Katika jaribio la mwezi uliotangulia mvulana mmoja alikuwa ameandika, kama jambo lililotokea, maneno ambayo mtunzi alimtilia mhusika mdomoni. Hatari ya hadithi nzuri ni hiyohiyo uzuri wake: humkaa mtoto kichwani kuliko tarehe. Tuliongea kirefu, akaniacha niendelee kwa sharti kwamba nioneshe namna watoto wanavyotenganisha.

Nikagawa ubao safu tatu. Ya kwanza: yanayojulikana. Ya pili: yaliyotungwa. Ya tatu: yenye shaka. Tukawa tunachukua sura moja ya hadithi na kipande cha kiada, tunaweka kila jambo mahali pake, na kila mtoto anayependekeza lazima aseme kwa nini. Tarehe ya Lugalo ilikwenda safu ya kwanza bila ubishi. Alichowaza Mkwawa usiku wa kuamkia vita kilikwenda ya pili. Punda wa Zelewski alizunguka safu zote, mwishoni akatulia kwenye ya tatu, kwa hoja kwamba waliosimulia walikuwepo lakini simulizi ya vita hukua.

Halafu mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, na ukosefu wa umoja tuuweke wapi?"

Ile sababu ya kushindwa iliyokaririwa na vizazi vya wanafunzi! Tuliijadili vipindi vyote viwili vya siku hiyo. Waliotaka iende safu ya kwanza walimtaja Mpangile. Huyu alikuwa ndugu yake Mkwawa, na Wajerumani walimsimika atawale Uhehe mwishoni mwa 1896, wakati Mkwawa bado yuko porini. Mwaka uliofuata, 1897, Wajerumani haohao wakamuua, wakimshuku kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake. Sasa basi, wakasema wa upande wa pili, kama aliuawa kwa kumsaidia, mbona tunamwita msaliti? Na kama aliwasaliti Wajerumani wala si ndugu yake, huo ukosefu wa umoja uko wapi?

Ninaikumbuka siku ile kwa sababu niliona mipaka ya aina zote mbili za vitabu kwa wakati mmoja. Historia ingeweza kutuambia kwamba Mpangile alisimikwa na kwamba aliuawa. Alichokuwa nacho moyoni alipokubali kiti kile, kama alikubali kwa tamaa, kwa woga, au kwa hesabu ya mtu anayetaka kuokoa watu waliochoka na njaa na kukimbia, hakuna karatasi inayosema. Mwanahistoria mkweli anafika pale anasimama. Mtunzi anaweza kuingia. Lakini akiingia anachagua, na chaguo lake litakaa kichwani mwa mtoto miaka hamsini. Ndiyo maana namdai mtunzi wa watoto uangalifu kuliko ninavyomdai mtunzi wa watu wazima. Mtu mzima amekwisha kusikia habari za Mpangile kutoka pande nyingine. Kwa mtoto, huenda hadithi hiyo ndiyo habari pekee atakayoipata.

Na hili si la kubuni. Baba yangu alisoma shule ya misheni, na katika sanduku lake la bati alihifadhi Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliokombolewa utumwani na kuwekwa Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870. Kitabu chake kinasimulia kutekwa kwa watu bara, misafara, majahazi, na kuokolewa baharini na meli za Waingereza. Mna mazungumzo ya mateka ambayo hakuna aliyeyaandika wakati yakisemwa. Mna mambo ambayo bila shaka Mbotela aliyasikia kwa wazazi wake na majirani zao. Wahakiki wamebishana miaka mingi kama ni riwaya au ni historia, na wengine wamekihesabu kuwa miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili. Kwa baba yangu hapakuwa na ubishi: yote yalitokea kama yalivyoandikwa, na Mwingereza alikuwa mkombozi. Alikisoma akiwa mtoto, shuleni, mikononi mwa watu aliowaheshimu. Kitabu hakikumwambia popote kwamba hapa nimesikia, hapa nimejazia, na hapa natazama mambo kwa jicho la misheni iliyonilea. Mimi nakipenda kitabu kile kwa Kiswahili chake na kwa uchungu wa kweli uliomo. Na kwa sababu nakipenda, nasikitika kwamba kilipewa watoto bila neno lolote la kuwaongoza.

Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alifanya jambo ambalo ningependa liwe desturi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu halisi, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo vimeanza. Hussein katika utangulizi wake aliwaeleza wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, anafanana na yule wa historia lakini si yeye. Maneno machache tu. Mwanafunzi anayeyasoma kwanza anaingia kwenye mchezo akiwa amefunguliwa macho, na mchezo haupungui nguvu hata kidogo. Wasomaji hao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Mtoto wa darasa la tano anahitaji maneno hayo zaidi, na ndiye asiyepewa.

Miaka ya mwisho ya ufundishaji wangu nilikuwa nikiwapa darasa la sita kazi ya kuandika. Kila mmoja atunge hadithi ya siku moja ya vita, kisha nyuma ya daftari aandike ukurasa wa pili: nini anakijua, amekijuaje, nini ametunga. Wasichana wengi walichagua Kalenga, siku ya mizinga. Mmoja aliandika kuhusu bibi anayesaga ulezi, jiwe linatetemeka kabla hajausikia mlio; ukurasa wake wa nyuma ulisema habari za ulezi amezipata kwa nyanya yake na habari za mizinga kwa mzee wa makumbusho. Mvulana aliyeuliza habari za wapagazi, mdogo wake alipofika darasa lile alichagua mpagazi. Alimfanya mtu wa pwani, amebeba sanduku ambalo hajui lina nini, anawaza ujira wake atanunulia nini. Hadithi ilikuwa fupi, tahajia imeharibika. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na sentensi mbili. Idadi ya wapagazi waliokufa ameipata kwangu. Jina la mpagazi wake amelitunga, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Nilipostaafu nilianza kualikwa kwenye warsha za waandishi wa vitabu vya watoto, hasa sasa ambapo shule za msingi zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili na wachapishaji wanatafuta vitabu vya ziada vya kuambatana nalo. Nasoma miswada mingi. Iliyo ya hadithi ina mashujaa wazuri mno, watoto wasiokosea, Wajerumani wanaopiga kelele tu. Iliyo ya habari bado inaorodhesha sababu na matokeo kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulia wala kuogopa katika nchi hii. Kwa wale wa habari naomba majina ya watu wa kawaida yanapopatikana, naomba wapagazi, naomba mtoto aoneshwe namna jambo lilivyojulikana na nani hakubaliani. Kwa wale wa hadithi naomba ukurasa mmoja wa mwisho, kama ule wa daftari za wanafunzi wangu.

Mara nyingi hujibiwa kwamba ukurasa ni gharama. Nimewahi kukaa na wapiga chapa, na najua karatasi hukunjwa kwa kurasa 16 au 8, na hadithi isipojaza mkunjo wa mwisho, kurasa hubaki nyeupe. Chukua vitabu vya watoto vilivyo dukani leo ufungue nyuma: vingi vina ukurasa mmoja au viwili visivyo na neno. Karatasi imekwisha lipiwa. Kilichobaki ni mwandishi kukaa na kuandika alichokijua, aliyemwambia, na alichokitunga, na mhariri kukubali kwamba mtoto wa miaka kumi na moja atausoma.